Splinti Haifungui Mkono: Tuache Kuuziana Matumaini ya Plastiki

Watu wangu wa Thika Road, kuanzia Githurai hadi Makongeni, leo niko na maoni ambayo yataudhi wauzaji. Nitayasema tu.

Kile kibao cha plastiki ambacho mgonjwa wa kiharusi, au stroke vile tunaita hapa mtaani, anavalishwa ili vidole visijikunje, kile wanaita splinti, hakifanyi kazi ambayo wengi wenu mmelipia kifanye. Sisemi ni takataka. Kina kazi yake na nitaifikia. Nasema hakifungui mkono uliojikunja, na hakizuii mkono kujikunja kwa kiwango ambacho wewe ungekiona kwa macho. Hilo si wazo lililoniingia usiku nikikosa usingizi. Limepimwa, likapimwa tena, na majibu yako wazi kwa mtu yeyote mwenye bando na subira. Lakini huku kwetu splinti bado inauzwa kama tiba, na familia zinachanga pesa kuinunua huku kile kitu mgonjwa anahitaji kweli kikikosa mtu wa kukilipia.

Najua komenti ya kwanza: kwani wewe ni daktari? La. Mimi ni kijana wa miaka 22, natengeneza vidio, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosa. Chuo niliacha, kusoma sikuacha. Na hii mada sikuitafuta, ilinifuata.

Ilinifuata kwanza kupitia inbox. Muuzaji mmoja wa vifaa mtandaoni aliniandikia akitaka vidio ya sekunde 40: mkono umekunjika, unavalishwa glavu yenye mota, muziki unapanda, mkono umefunguka, namba ya till chini ya skrini. Elfu 15. Kwa mtu anayelipa chumba kimoja Ruiru, hiyo ni kodi imelipwa na chenji imebaki. Nikamuuliza swali moja tu: huyu wa mwanzo na huyu wa mwisho ni mtu mmoja? Hakujibu hilo swali. Alipandisha bei ikawa elfu 20. Nilikataa, na siku chache baadaye nikaona vidio hiyo hiyo kwa ukurasa wa mtu mwingine, komenti zimejaa watu wakiuliza "bei?" na "mko wapi?" Hao wanaouliza bei ndio wananifanya niandike. Kila mmoja wao ana mtu nyumbani.

Na mimi niko na wangu. Anko, ndugu ya mathe, ni fundi wa kuchomelea mageti Kihunguro. Presha ilimwangusha akiwa na miaka 46, upande wa kulia ukaenda. Hospitali waliokoa maisha yake na hilo sitalisahau. Lakini alipotoka, alipewa miadi ya mazoezi mara moja kila wiki mbili, kama nusu saa hivi. Kati ya miadi na miadi alikuwa anakaa kwa kochi, mkono mapajani, televisheni ikiwaka. Mwezi wa tatu vidole vilikuwa vimeanza kuingia kwenye kiganja.

Hapo ndipo kikundi cha familia cha WhatsApp kikaamka. Mchango ukapita, mtu mia tano, mtu elfu, ikafika 9,500, na splinti ikanunuliwa kwa duka moja la vifaa. Hakuna aliyempima. Aliulizwa tu ni saizi gani, kama mtu anayenunua fulana. Maagizo yalikuwa avae mchana na usiku, na baada ya miezi mitatu vidole vitanyooka. Wiki ya tatu anti akafungua mikanda kumwosha, akakuta kidonda chekundu juu ya mfupa wa kifundo cha mkono. Anko hakuwa amelalamika hata siku moja, kwa sababu upande ule hausikii vizuri. Hebu fikiria hilo kidogo. Unamfunga mtu plastiki ngumu mahali ambapo hawezi kukuambia inaumiza.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hasira bila maelezo ni kelele tu.

Mkono unajikunja kwa nini?

Kiharusi hutokea damu isipofika sehemu fulani ya ubongo, ama mshipa ukipasuka huko ndani. Ajali ya bodaboda ikigonga kichwa vibaya inaweza kukuacha na mkono wa namna hiyo hiyo. Mara nyingi siku za kwanza mkono unakuwa umelegea, ukiuinua unaanguka. Baadaye, kwa watu wengi, misuli ya kukunja inaanza kukaza yenyewe: kiwiko kinajikunja, kifundo kinainama, vidole vinafunga ngumi.

Kuna mambo matatu hapo na watu wanayachanganya. La kwanza ni amri. Ubongo uliokuwa unashika breki umeumia, kwa hivyo mishipa ya fahamu inaendelea kuambia misuli kaza, kaza. La pili ni nyama yenyewe. Msuli ukikaa umefupishwa wiki baada ya wiki unabadilika, unakuwa mfupi na mgumu kikweli, na vitu vinavyozunguka kiungo navyo vinakauka. Hapo hata mgonjwa akiwa usingizini mkono haunyooki wote. Hiyo ndiyo kukakamaa kwenyewe. La tatu ndilo watu wanasahau kabisa: udhaifu. Mkono haufunguki kwa sababu misuli ya kufungua haina nguvu ya kufungua. Hata ungeondoa ule ukakasi wote leo, bila nguvu na bila ujuzi mkono utabaki pale pale umelala.

Splinti inalenga hilo la pili. Na wazo lake si la kijinga. Mwaka 1972 watafiti wa Ufaransa walichapisha kazi waliyofanya na paka. Walifunga mguu wa paka kwa plasta, msuli ukiwa umefupishwa, na ule msuli ukapoteza karibu asilimia 40 ya vile vipande vidogo vinavyopangana kuupa urefu. Plasta ilipotolewa, vipande vikarudi. Msuli ukifungwa ukiwa umenyooshwa, uliongeza vipande. Kwa hivyo mtu akisema "tukiuweka mkono umenyooka msuli hautafupika", anasema kitu chenye mantiki. Ndiyo maana splinti ilienea dunia nzima kwa miaka mingi kabla mtu hajaijaribu vizuri kwa binadamu.

Halafu ikajaribiwa.

Australia, mwaka 2007, Natasha Lannin na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 63 waliokuwa wamepata kiharusi si zamani sana. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: wengine hawakuvaa splinti, wengine walivaa ya kifundo kilichonyooka kawaida, wengine ya kifundo kilichopindwa nyuma ili misuli ivutike zaidi. Walivaa usiku, hadi saa 12, kwa wiki 4. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Mwishoni wakapimwa. Splinti haikuzuia kifundo kukakamaa. Ile ya kawaida haikuzuia na ile ya kuvuta haikuzuia.

Utasema jaribio moja si kitu. Sawa. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima pamoja, lilitoa mapitio ya njia zote za kuvuta viungo: splinti, plasta, kuweka kiungo kwa mkao fulani, kuvuta kwa mikono. Majaribio 49, watu 2,135. Kwa watu wenye matatizo ya ubongo na mishipa ya fahamu, tofauti waliyoipata kwenye mwendo wa kiungo ilikuwa kwa wastani digrii 2.

Digrii 2 ni ngapi? Angalia saa ya ukutani. Mkono wa dakika unasogea digrii 6 kila dakika moja. Digrii 2 ni mahali unafika kwa sekunde 20. Hicho ndicho familia inanunua kwa 9,500.

Nisieleweke vibaya hapa, kwa sababu hapa ndipo watu hukata vidio na kusambaza nusu. Majaribio hayo yalipima muda usiozidi miezi saba, na wengi wa hao wagonjwa walikuwa wanapata huduma nyingine pia. Kwa hivyo hayasemi umwache mgonjwa bila kumgusa. Mkono ambao hausogezwi na mtu yeyote utaharibika. Yanachosema ni hivi: ukichukua mtu anayehudumiwa kawaida, kisha ukamwongezea splinti juu, hiyo nyongeza haileti tofauti ya maana. Nyongeza ndiyo mnauziwa. Nyongeza ndiyo inamaliza mchango.

Ndiyo maana wenye kuandika miongozo walibadilika. Mwongozo wa Marekani wa 2016 kuhusu kurudisha afya baada ya kiharusi ulisema splinti hazipendekezwi kwa ajili ya kuzuia kifundo na vidole kukaza. Uingereza, taasisi ya NICE ilikuwa imeshasema mwaka 2013 kwamba mtu mwenye udhaifu wa mkono baada ya kiharusi asipewe splinti kama desturi tu.

Desturi tu. Hilo ndilo neno. Huku kwetu imekuwa desturi: mkono umekunjika, nunua splinti, kama vile malaria na Panadol.

Sasa, splinti ina kazi gani?

Iko nayo. NICE hao hao hawakusema zitupwe. Walisema zifikiriwe kwa mtu ambaye mkono wake hausogei kabisa au umekaza sana, na kwa lengo linalojulikana. Mfano, mkono umefunga ngumi kiasi kwamba kucha zinachimba kiganja, jasho linakaa ndani, ngozi inaoza na kunuka. Hapo kitu laini cha kulinda kiganja, hata ngozi ya kondoo iliyoviringwa, ni heshima kwa mgonjwa. Ama mtu amedungwa sindano ya kulegeza misuli, ile dawa watu wanaijua kama Botox, na mtaalamu anataka kutumia zile wiki za kulegea kufanya kazi. Ama splinti inashika kifundo vizuri ili vidole vipate kufanya jambo. Na walisisitiza mambo ambayo duka la Anko halikufanya hata moja: ipimwe na kutengenezwa na mtu aliyefunzwa, familia ifundishwe kuivaa na kuivua, na kuwe na tarehe ya kuangalia kama inasaidia.

Kwa hivyo nikiona OT anakasirika na kichwa cha hii makala, atulie, niko upande wake. OT, kwa wasiojua, ni yule mtaalamu anayekufundisha upya kazi za siku: kuvaa shati, kula, kuoga, kushika kikombe. Kenya taaluma yake ina sheria yake tangu 2014, na wenzake wa fizio pia. Hawa ni watu wenye usajili na unaweza kuuliza namba. OT akikaa na mgonjwa, akampima, akasema huyu anahitaji splinti kwa sababu hii na hii, msikize yeye, usinisikize mimi. Na kama mtu wako tayari ameandikiwa splinti, usiivue kwa sababu ya kijana wa mtandaoni. Nenda umuulize aliyeiandika: inalenga nini, na tutajuaje imefanya kazi?

Shida yangu ni ile plastiki inayouzwa bila huyo mtu. Ujuzi wa OT ndio tiba. Plastiki ni plastiki tu. Katika nchi nyingi zenye uhaba, wataalamu wanatengeneza splinti kwa bomba la PVC, lile la maji, wakilipasha moto na kulikunja. Bei ya kitu chenyewe ni ndogo. Ghali ni akili ya kujua nani anaihitaji, saa ngapi, na lini aivue.

"Lakini mama yangu alivaa na mkono ukarudi."

Nafurahi, na sisemi kwa kejeli. Lakini wiki na miezi ya kwanza baada ya kiharusi ubongo wenyewe unajirekebisha sana, hasa mtu akifanya mazoezi. Wapo wanaorudi na splinti na wapo wanaorudi bila. Hiyo ndiyo sababu watafiti waliweka kundi lisilovaa, ili wajue ni nini kilifanya kazi. Ushuhuda wa mtu mmoja hauna hilo kundi. Vidio ya sekunde 40 ndiyo haina kabisa.

"Si afadhali kuwa na kitu kuliko kukosa?"

Hii ndiyo inanikera zaidi, kwa sababu inaonekana ya huruma. Kitu si bure. Kwanza kinakula pesa. Kwa hizo 9,500 fundi wa mazoezi anayekuja nyumbani kwa 1,500, vile tuliambiwa, angekuja mara sita na chenji ikabaki ya kununua matunda. Pili kinakula mkono. Mkono uliofungwa kwenye kibao mchana kutwa haushiki kitu, hauguswi, haujaribu. Tatu kinakula wasiwasi wa familia. Tukishanunua tunahisi tumefanya. Kikundi cha WhatsApp kinarudi kulala. Kwetu kililala wiki tatu, mpaka anti alipotuma picha ya kidonda.

Kinachosaidia kinachosha

Hapa ndipo habari inakosa utamu, na ndiyo maana haiuzwi. Kinachorudisha mkono, pale unapoweza kurudi, ni kuutumia. Mara nyingi kwa siku, kwa kazi za kweli, kwa miezi. Hakuna kifaa cha kupiga picha.

Mwaka 2006 Marekani ilitolewa kazi iliyohusu watu 222, miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi. Unajua walifunga mkono gani? Walifunga ule mzima. Wakauvalisha glavu nene karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi, na kila siku ya kazi wakawa na mazoezi ya saa nyingi. Hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Si dawa ya kila mtu: unahitaji uwe na uwezo kidogo wa kuinua kifundo na kufungua vidole tayari. Lakini ona tofauti ya mawazo. Sisi tunafunga mkono mgonjwa tukingoja ufunguke. Wao walifunga mzima ili mgonjwa afanye kazi.

Na saa zenyewe? NICE waliposasisha mwongozo wao mwaka 2023, walisema mtu anayerudishiwa afya baada ya kiharusi apewe angalau saa 3 kwa siku za mazoezi na wataalamu, siku 5 kwa wiki. Saa 15 kwa wiki. Anko alikuwa na nusu saa kwa wiki mbili. Sitaki kulinganisha Kiambu na London kama mtu asiyejua bajeti. Nataka tu uone ni wapi pengo liko. Pengo liko kwenye saa za mtu na mtu, na hizo saa haziuzwi dukani.

OT ambaye hatimaye alimwona Anko alikuwa msichana mdogo, pengine ananipita miaka mitatu. Aliangalia kidonda, akaiweka splinti kando, akamwambia, "Mzee, hii plastiki haijui kushika kikombe. Wewe ndiye utajifunza." Halafu akamfundisha anti, si Anko peke yake. Mkono ukae juu ya mto au meza, usining'inie. Asiinuliwe kwa kuvutwa mkono dhaifu, bega litaharibika. Kiganja kioshwe na kukaushwa kila siku, kucha ziwe fupi. Vidole vifunguliwe polepole, kifundo kikiwa kimeinama kwanza, bila kulazimisha. Na mkono upewe kazi hata kama ni ya kizembe: kushikilia sahani isiteleze wakati ule mwingine unasugua, kukandamiza karatasi, kusukuma kitambaa juu ya meza.

Leo vidole viwili bado vimekunjika. Hatachomelea tena na mkono ule, na ameshaambiwa. Lakini unashika sahani, unaingia kwenye shati bila vita, na hauna kidonda. Najua hiyo si vidio ya kupata viu. Ndiyo hali.

Sasa tunataka nini?

Kwa kaunti. Afya iko mikononi mwenu tangu ugatuzi wa 2013, msitume lawama Nairobi. Thika Level 5 inabeba watu kutoka pande zote. Mgonjwa wa Kimbo anayeishi gorofa ya nne bila lifti hawezi kuteremshwa, kupandishwa matatu na kulipiwa nauli yeye na wa kumshika, mara tatu kwa wiki. Wapelekeni OT na fizio karibu na watu, Ruiru na kwenye vituo vya wadi, na mwajiri wa kutosha kabla ya kununua mashine ya kukatiwa utepe.

Kwa serikali ya kitaifa. Septemba 2023 mlizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wenye mikoba ya mashine ya presha. Wanaingia kwenye nyumba ambazo OT hatafika mwaka huu. Wafundisheni yale ambayo anti alifundishwa kwa mchana mmoja: namna ya kumlaza, kumwinua, kuosha kiganja, kutambua kidonda na kujua lini aite mtaalamu. Na hiyo mashine ya presha ifanye kazi, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Mkono ambao haujapooza hauhitaji splinti wala makala yangu.

Kwa SHA. Tunakatwa asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, na asiye na mshahara analipa kuanzia 300 kwa mwezi. Sawa. Basi lipieni saa za mazoezi baada ya mgonjwa kutoka wadi, na mtuambie kwa lugha ya kawaida ni saa ngapi. Katiba yetu, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Mimi nasoma hapo kwamba kifaa bila mtu wa kukipima si haki iliyotimizwa, ni hasara iliyofungwa kwa mikanda.

Kwa sisi tunaotengeneza vidio. Jamani, elfu 15 najua ni pesa. Mimi pia nalipa nyumba. Lakini kuna bidhaa unaweza kuisifu na mtu akipoteza, amepoteza shati. Hii si hiyo. Huyu mtu anakutazama saa nane usiku akiwa na mgonjwa chumba cha pili, anatafuta mtu wa kumwambia kuna njia. Uliza muuzaji ushahidi. Akipandisha bei badala ya kujibu, amekujibu.

Na kwa familia, kabla ya mchango kupita. Ulizeni maswali manne. Nani amempima mgonjwa, na amesajiliwa? Splinti hii inalenga nini hasa: kucha, maumivu, ama "kufungua"? Wakisema kufungua, shikeni pesa. Nani ataangalia ngozi kila siku? Na tarehe gani tutakaa chini kuamua kama inasaidia? Kama hakuna majibu, chukueni hizo pesa mlipe mtu aje nyumbani, hata mara nne, na wakati anafundisha, awepo mtu mwingine wa familia chumbani na simu imewashwa inarekodi. Hiyo rekodi ndiyo kifaa mtakitumia kila siku.

Kama tayari mko na splinti ndani ya kabati, msiitupe. Siku ya kliniki ibebeni. Huenda mtaalamu akaikata ukingo, akaipasha moto na kuipa kazi inayoeleweka, saa zinazoeleweka.

Komenti ziko wazi kama kawaida. OT na fizio mnisahihishe nikikosea, nitabandika jibu lenu juu. Wauzaji wa glavu pia karibuni, ila mje na vipimo, si muziki.